Tumehama nyumba ya kasisi na kuja Malindi: familia inaanzaje upya?

MamaWaMilimani

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri wa watu walioyapitia haya au walioyaona kwa karibu, hasa wenyeji wa Malindi.

Mume wangu amekuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu, na parokia yake ya mwisho ilikuwa katika milima ya Taita. Ana umri wa miaka 54. Ugonjwa wa presha ya macho umempunguzia uwezo wa kuona kiasi kwamba hawezi tena kusoma masomo ya ibada bila msaada, wala kutoka usiku kwenda kumwombea mgonjwa, kwa hiyo aliandika barua ya kuomba kustaafu mapema na askofu akamkubalia. Hatukuondoka kwa ugomvi. Waumini walituaga kwa heshima, wakatupa blanketi, kuku na mahindi, na wengine wakalia nasi hadi gari lilipoondoka. Kaka yangu anayefanya kazi hapa Malindi ndiye aliyetutafutia nyumba ya kupanga huku Muyeye, na tumekwisha kuhamia.

Katika nyumba ya kasisi, vitanda, meza ya kulia, viti vya sebuleni na hata mapazia vilikuwa mali ya parokia, vimeandikwa katika daftari, na siku ya makabidhiano tulizunguka na mweka hazina chumba kwa chumba, yeye akitaja kitu nami nikikionyesha. Tulitoka na vitabu vya mume wangu, cherehani yangu, magodoro na vyombo vya jikoni. Hilo halinisumbui sana, kwa maana fanicha hununuliwa kidogo kidogo. Kinachonisumbua ni kwamba siku zetu nazo zilikuwa za kanisa. Jumatano ilikuwa ya maombi, Alhamisi ya kina mama, Jumamosi ya harusi na mazishi, na mlango wetu haukufungwa mchana. Sasa mume wangu huamka alfajiri, husema sala ya asubuhi kwa moyo bila kitabu, kisha hukaa upenuni akisubiri jambo ambalo haliji.

Kinachokuja ni simu. Waumini wa zamani humpigia kumweleza ugomvi wa mpaka wa shamba, kumwomba aje kufungisha ndoa ya binti yao, na siku hizi kumlalamikia kasisi mpya. Akizima simu anaona amewatupa watu wake, na akipokea kila simu siku nzima imekwisha na amechoka kuliko alipokuwa kazini.

Tuna watoto wawili walio shuleni, mvulana wa Gredi 8 na msichana wa Gredi 4. Msichana ameshapata rafiki wa kuruka naye kamba. Mvulana amewaambia wenzake kwamba baba yake ni mwalimu mstaafu. Nilipomuuliza sababu, akasema hataki tena kuitwa mtoto wa mchungaji. Sijui nimkemee au nimwache.

Jambo la mwisho. Kabla ya nyumba hii tulipata nyingine, tukakubaliana kodi, kisha mwenye nyumba aliposikia kwamba mpangaji ni mchungaji aliyeondoka kanisani kwake, alibadilika uso na kusema kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa. Ninajua watu wa hapa wamepitia nini tangu vifo vya waumini katika msitu wa Shakahola, kwa hiyo sikumlaumu, lakini tangu siku hiyo nasitasita kusema sisi ni nani. Je, tujitambulishe vipi? Tusali wapi, na mume wangu akae katika kanisa jipya kama nani?

BiMkubwaWaMaweni

Karibu Malindi, mwanangu, na pole kwa macho ya mwenzio. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kulelewa Maweni. Mambo ya parokia nitawaachia wenyewe, nami nitasema ya nyumba na ya mtaa, kwa sababu mtu asiyelala vizuri na asiye na maji ndani hawezi kutulia hata angepewa mawaidha ya aina gani.

Mmetoka kwenye baridi. Hapa joto hukaza kuanzia Januari hadi Machi, na mgeni wa milimani huumia zaidi usiku. Upepo wa Kaskazi hutoka upande wa kaskazini-mashariki, na Kusi ikiingia baada ya hapo huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo chumba chenye dirisha la upande wa bahari na tundu lingine la kutokea hewa ndicho cha kumlaza mzee. Msimpe chumba kikubwa kwa ajili ya heshima kama hakina upepo. Na kwa kuwa haoni vizuri, kila kitu kikae mahali pamoja tangu siku ya kwanza: mtungi, viatu, fimbo, kiti. Nilimuuguza marehemu baba yangu aliyepoteza macho, na kilichomuumiza zaidi ya giza lenyewe ni watu kuhamisha vitu bila kumwambia.

Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na kuna mitaa ambayo hayafiki kila siku. Nunueni pipa kubwa lenye kifuniko kabla hamjafikiria viti vya sebuleni. Maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi na chokaa. Yanafaa kufulia na kuoshea nyumba, lakini ukiyapikia maharagwe utayachochea moto tangu asubuhi hadi adhuhuri nayo yangali magumu, na utadhani umeuziwa maharagwe mabovu. Wekeni maji ya mfereji kando kwa ajili ya chai na nafaka.

Umetaja vitabu, nami nimeviwazia kwa sababu kasisi asiyeona vizuri bado atataka kuvishika. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe hufyonza unyevu wakati wa masika, na mchwa hupanda ukutani bila kuonekana. Msiegemeze kabati la vitabu ukutani, acheni nafasi ya kupitisha mkono, inueni miguu yake juu ya vipande vya matofali, na tieni majani makavu ya mwarobaini katikati ya vitabu. Mvua ikikatika, vitoeni upenuni vipate hewa, kivulini.

Sasa majirani. Mtaani hapa watu huangalia kama unasalimia na kama unaonekana penye msiba, na hayo mawili huja kabla ya kuulizwa kazi yako. Sisi huzika upesi, mara nyingi siku ileile, kwa hiyo ukisikia habari ya kifo usingoje kuitwa. Mwenzio afuatane na wanaume hata kama atasimama nje wakati wa kusaliwa jeneza, nawe uje kwa kina mama umejitanda leso. Majirani zako Wagiriama nao hukaa matangani siku kadhaa, na mgeni aliyekesha nao hata usiku mmoja hasahauliki. Ramadhani ikifika utaletewa sahani ya futari, pengine muhogo wa nazi au kaimati. Ipokee, na usiirudishe tupu. Ukitia hata ndizi chache, umejibu.

Cherehani yako iweke barazani. Mtu anayekuja kupunguziwa sare ya mtoto hukaa akingoja, na akikaa huzungumza, na kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima utakuwa umeshajua wewe ni nani bila wewe kutangaza. Wala usifiche kwamba mumeo alikuwa kasisi. Anayeficha ndiye tunayemwogopa.

KasisiMstaafu

Mama, nakusalimu katika jina la Bwana. Nami nilitumikia parokia kadhaa za Kaunti ya Kilifi kabla ya kustaafu, na mke wangu ameusoma ujumbe wako akaniambia nikujibu leo hiihii.

Nianze na hilo la mwenye nyumba, kwa sababu lina uzito wa pekee hapa kwetu. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na wengi wa marehemu walikuwa watu waliouza vyao, wakaacha nyumba na shule, wakamfuata mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa. Walikuwamo watoto wengi. Kuna wazazi hapa Malindi ambao hawajapata hata mwili wa kuzika. Mtu aliyepitia hayo akisikia kwamba mchungaji amehamia mtaani na hana kanisa, moyo wake huruka, na ana haki. Dawa yake ni uwazi wa kawaida kabisa. Mume wako aombe barua kutoka kwa askofu aliyemruhusu kustaafu, inayosema alitumikia wapi na kwamba aliondoka kwa heshima kwa sababu ya afya. Nakala moja apewe chifu na mzee wa mtaa, nyingine ofisi ya Dayosisi ya Malindi. Nanyi mkijitambulisha, semeni sentensi nzima: alikuwa kasisi wa Anglikana Taita, amestaafu kwa ajili ya macho, na tunasali kanisa fulani kama waumini. Sentensi hiyo humwondolea msikilizaji hofu zote mbili, ya mhubiri asiyejulikana anatoka wapi na ya kwamba anakuja kukusanya watu. Na msiwe na maombi ya nyumbani ya kualika majirani kwa mwaka huu wa kwanza, hata kwa nia njema. Sala ya familia, ndiyo, tena mlango ukiwa wazi.

Kuhusu simu, nitasema kwa ukali kidogo mnisamehe. Kasisi aliyeondoka hana tena parokia ile. Ni desturi yetu Waanglikana kwamba hafungishi ndoa, habatizi wala hazikii huko isipokuwa vikari aliyepo, yaani kasisi mwenye parokia, amemwalika mwenyewe, na desturi hiyo ina sababu. Kila simu ya malalamiko anayoipokea mume wako inamnyima mwenzake nafasi ya kupendwa na watu hao, na inawanyima wao nafasi ya kumzoea. Ampigie yule kasisi mpya, wakubaliane maneno, kisha atume ujumbe mmoja kwa wazee wa kanisa kwamba anawapenda, anawaombea, na mambo yote ya parokia sasa yapelekwe kwa vikari. Baada ya hapo, anayepiga kumsalimu azungumze naye kwa furaha, na anayepiga kumsema kasisi mpya aulizwe, «Umekwenda kwake kumwambia?» Huwaudhi baadhi ya watu mwanzoni. Baada ya muda husalia wale waliokuwa marafiki kweli, nao ni wachache, na wanatosha.

Mmeuliza akae katika kanisa jipya kama nani. Akae kama muumini, katika benchi, karibu nawe. Hebu fikiria, mama: katika ndoa yenu yote, umewahi kukaa ibadani kando ya mume wako? Mke wangu alinikumbusha kwamba sisi hatukuwahi, na Jumapili ya kwanza niliyokaa naye, nikashika upande mmoja wa kitabu cha nyimbo naye akashika wa pili, alishindwa kuimba. Vikari wa hapo atafurahi kupata msaidizi na huenda akamwomba ahubiri Jumapili ya pili tu. Akatae kwa upole. Kwanza, hawezi kuongoza ibada katika dayosisi nyingine kabla ya kupewa ruhusa na askofu wa hapa. Pili, anahitaji kupumzika mwaka mzima ili ajue kama anaitwa tena au kama anakimbia ukimya wa upenuni.

Kuna mtu ninayemkumbuka ninaposoma habari zenu. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846 kumfuata mmisionari mwenzake Krapf, aliyekuwa ametangulia Mombasa mwaka 1844. Krapf alirudi Ulaya miaka mingi kabla yake, lakini Rebmann alibaki. Mke wake Emma alifariki mwaka 1866, na macho ya Rebmann mwenyewe yakafifia hadi akawa kipofu. Alipoondoka pwani mwaka 1875, baada ya takriban miaka 29, Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alifuatana naye hadi Ulaya. Akaenda kukaa Korntal, Ujerumani, alikokuwa akiishi Krapf, na akafia huko mwaka 1876. Mimi ninapoisoma habari hiyo, naona kwamba mzee yule alipopoteza kazi, mke na macho, kilichompokea ni mkono wa kijana aliyemlea katika imani na jirani mmoja aliyeijua lugha ya maisha yake. Mtafutieni mume wako mtu wa namna hiyo hapa Malindi. Wako makasisi wastaafu pwani hii, na wapo pia mapadre Wakatoliki na maimamu wenye umri wake wanaojua maana ya kuamka usiku kwa ajili ya watu. Mazungumzo ya saa moja na mmoja wao kila juma yatamfaa kuliko simu zote za Taita.

MtotoWaNyumbaYaKanisa

Nimekulia katika nyumba ya mchungaji wa Kimethodisti, na kwa kuwa Wamethodisti huhamisha wachungaji wao mara kwa mara, nilisoma shule nyingi kuliko wenzangu. Naomba niseme kwa niaba ya kijana wako.

Dada, usimkemee. Mtoto wa mchungaji hutazamwa na parokia nzima. Akicheka ibadani, mama watatu watamwambia mama yake kabla ya chakula cha mchana. Akifeli hesabu, watu wasiomjua humwombea hadharani. Kijana huyu amefika mji ambao hakuna anayemjua, na kwa mara ya kwanza maishani ana nafasi ya kujulikana kwa mpira wake au kwa ucheshi wake. Uongo wa mwalimu mstaafu ni mdogo, na anahitaji kuuacha, lakini auache kwa sababu amegundua ukweli haumletei mzigo tena. Mwambieni pamoja, baba akiwepo, kwamba hatakiwi tena kuwa mfano kwa mtu yeyote, kwamba akitaka kukaa nyuma kanisani akae, na kwamba hakuna atakayemsimamisha kusoma somo asipojitolea. Mimi niliambiwa hivyo na baba yangu nikiwa na miaka kumi na mitano, na ndiyo siku nilipoanza kumwona kama baba.

Naomba pia mumwonyeshe kazi moja ya kweli ya kumsaidia baba: kumsomea. Si lazima iwe Biblia. Amsomee gazeti, matokeo ya mpira, barua za benki. Baba yake atasikia sauti yake kila siku, na kijana atajua kwamba anahitajika kwa jambo lisilo la kuigiza.

Shuleni kuna jambo la kushughulikia haraka. Nafasi ya mwanafunzi kuingia shule ya upili hujengwa kwa sehemu tatu: tathmini ya KPSEA ya Gredi 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 huchangia asilimia 20, na KJSEA ya mwisho wa Gredi 9 huchangia asilimia 60. Kijana aliyehama akiwa Gredi 8 ana alama zilizobaki shule ya zamani. Hakikisheni kwamba shule ile imeziwasilisha kwa Baraza la Mitihani, kwamba uhamisho wake umeingizwa katika mfumo wa serikali na si kwa barua tu, na kwamba jina lake limeandikwa sawasawa kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Jambo hili ni rahisi kurekebisha sasa, na ni gumu sana akiwa Gredi 9.

Kwa kasisi aliyetangulia: nakubaliana nawe katika mengi, lakini kukata habari za parokia ya zamani kwa mara moja huwaumiza wake na watoto ambao hawakuwa na cheo cha kukabidhi. Mama alikuwa na marafiki kule. Msimfanye awaage mara ya pili.

MhasibuWaPwani

Kwa ufupi, kwa sababu wengine wamesema mengi.

Kama parokia ilikuwa ikimkatia michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mtu aliyefikisha miaka 50 na kuacha ajira anaweza kudai mafao yake. Kabla ya kudai, aombe taarifa ya michango mwaka kwa mwaka, na miezi iliyoruka iulizwe sasa wakati mweka hazina aliyekuwepo bado anapatikana. Kuhusu bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, mtu asiye na mwajiri hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Msiache pengo, kwa maana mgonjwa wa presha ya macho hutumia dawa maisha yake yote.

La tatu ni onyo. Habari zikienea kwamba kasisi amepokea mafao, watu watakuja na viwanja. Katika miji ya Mwambao kuna desturi ya kuuza nyumba peke yake huku ardhi ikiwa ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja, na mgeni wa bara hudhani amenunua vyote viwili. Kuna pia mashamba ambayo yana hati ya mtu mmoja na yana familia za maskwota zilizozaliwa hapohapo. Msilipe hata shilingi ya arubuni kabla ya kufanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, na kabla ya kufika kiwanjani wenyewe mkawauliza majirani wa pande zote. Pangeni kwanza. Mwaka mmoja wa kupanga utawaonyesha mtaa unaowafaa.

MamaWaMilimani

Nimewasomea wote wawili majibu yenu, mume wangu na kijana, jioni moja upenuni. Asanteni sana.

Mume wangu ameridhika na ushauri wa barua, na ameshazungumza na yule kasisi mpya. Ilikuwa simu ngumu kuanza, na ikawa ndefu. Kumbe yule ndugu alikuwa akijua kwamba malalamiko yanafika Malindi, na alikuwa akiogopa kupiga. Wameandika ujumbe pamoja, nami nimeutuma kwa simu yake. Kuhusu habari ya Rebmann, alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nimtafutie sanduku lenye vitabu vyake vya historia ya kanisa.

Mahali ninapokuwa mgumu ni ule mwaka mzima. Kasisi, mume wangu hawezi kusoma wala kuendesha gari wala kulima. Jambo alilobaki nalo kamili ni sala alizozijua kwa moyo na sauti yake. Nikimwambia akae kimya mwaka mzima, je, sitakuwa nimemnyang'anya hata hilo? Na ninakubaliana na yule aliyekulia nyumba ya Wamethodisti kuhusu marafiki. Kina mama wa Alhamisi ni watu wangu. Nitaendelea kuzungumza nao, ila nimewaambia kwamba habari za kasisi mpya tusizilete katika simu zetu.

Kijana amesikia lote kuhusu kutokuwa mfano. Hakujibu kitu. Ila usiku alimsomea baba yake matokeo ya ligi, na wakabishana juu ya kipa mmoja hadi nikawaomba wapunguze sauti.

KasisiMstaafu

Mama, umesema vizuri, nami napunguza. Nilichokataza ni mimbari na cheo. Sala haina likizo. Kama kuna wagonjwa wa kanisa lenu jipya ambao vikari hana nafasi ya kuwafikia kila juma, aombe afuatane naye, aketi kando ya kitanda na aseme zile sala anazozijua, bila kanzu. Mgonjwa aliyelala gizani hupenda sana mtu asiyehitaji kuwasha taa ili asome. Vikari akiwa ndiye anayempeleka, hakuna atakayekuwa na shaka naye, na yeye atakuwa anatumika bila kubeba parokia.

Na kuhusu marafiki wa mke na watoto, aliyenirekebisha yuko sawa. Mke wangu anasema alikuwa akingoja mtu aniambie hivyo.

BiMkubwaWaMaweni

Nimesahau jambo moja la mgonjwa. Baadhi ya dawa za matone ya presha ya macho hutakiwa kukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, na kwa joto la hapa chupa iliyosahauliwa dirishani huharibika bila kubadilika rangi. Soma karatasi ya ndani au muulize mwenye duka la dawa. Kama hamna friji bado, weka kwangu au kwa jirani yeyote wa karibu, tutakuwekea. Pia muulizeni daktari wa macho kuhusu kuwapima watoto na ndugu zake, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na ukigunduliwa mapema matone huuzuia usiendelee, ila kilichokwisha kupotea hakirudi.

Jumamosi nitakuwa Muyeye kwa dada yangu. Nitakuletea gauni la kukunja pindo, nione na hiyo cherehani.